Rais Gani Alikaza, Rais Gani Alilegeza?



Jioni moja katika darasa letu la Chemchem, hapa Tabora, tulikuwa tunasoma tarehe. Niliandika ubaoni majina ya Marais wa nchi yetu na miaka yao. Julius Nyerere, 1962 hadi 1985. Ali Hassan Mwinyi, 1985 hadi 1995. Benjamin Mkapa, 1995 hadi 2005. Jakaya Kikwete, 2005 hadi 2015. John Magufuli, 2015 hadi 2021. Samia Suluhu Hassan, kuanzia Machi 2021. Nilitaka wanadarasa wasome majina na namba tu, kisha twende nyumbani.

Hatukwenda. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli alinyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, hapo mkali alikuwa mmoja tu, Mwalimu Nyerere. Wengine wote walilegeza."

Kijana wa bodaboda akamjibu, "Babu, na Magufuli umemweka wapi?"

Mama mmoja mwenye genge la mboga akasema yeye hajui mkali wala mpole. Yeye anajua kwamba Mwinyi ndiye aliyewavisha watu nguo. Basi wakabishana mpaka giza likaingia. Bibi mmoja alikaa nyuma, kimya, kitabu kikiwa kimefungwa mapajani. Huyo nitakuja kwake baadaye.

Nilipofika nyumbani niliona kwamba ubishi ule ulikuwa somo zuri kuliko lile nililoliandaa. Ndilo somo letu la leo.

Maneno mawili

Ukisikiliza redio utasikia maneno mawili. La kwanza ni huria. La pili ni mhafidhina. Mhafidhina ni mtu anayetaka kuhifadhi mambo yaliyokuwapo. Hapendi mabadiliko ya haraka. Mtu wa siasa huria anataka kufungua milango, watu wafanye na waseme wanavyopenda.

Maneno haya yana mtego. Huko Marekani, Rais Ronald Reagan, aliyetawala 1981 hadi 1989, anaitwa mhafidhina. Yeye alitaka kodi zipunguzwe, na serikali isiingilie sana biashara. Rais Franklin Roosevelt, aliyeanza 1933, anaitwa mtu wa siasa huria. Wakati wake, mwaka 1935, ilitungwa sheria ya kuwalipa wazee pensheni kwa mkono wa serikali.

Sasa rudi kwetu. Hapa Tanzania katika miaka ya 1980, walioitwa wahafidhina ni wale waliotaka serikali ibaki na benki, viwanda na maduka. Waliotaka wafanyabiashara waachiwe ndio walioitwa watu wa soko huria. Unaona? Neno moja, nchi mbili, na maana zimepishana kabisa. Ukichukua kipimo cha Marekani ukampimia Nyerere, utapotea njia.

Kwa hiyo sisi tutatumia maneno ya nyumbani: kukaza na kulegeza. Watu wa Tabora wanayaelewa. Mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walifunga na kufungua mizigo hapa. Mpagazi alijua kamba ipi aikaze na ipi ailegeze, tena katika mzigo ule ule.

Nyerere wa Tabora

Tuanze na Nyerere, kwa kuwa mji wetu unamjua. Alisoma Shule ya Tabora kuanzia 1937. Alipomaliza Makerere alirudi kufundisha hapa hapa, katika shule ya Mtakatifu Maria.

Mwezi Januari 1958, TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeleta uchaguzi wa ajabu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Tena hakupiga kura kila mtu. Ilitakiwa elimu, au kipato, au kazi ya namna fulani. Wanachama wengi wa TANU walikasirika. Walisema, tususe. Nyerere alisimama akawaambia tuingie, maana tukisusa watachukua wengine. Mkutano ukakubali. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka akaunda chama chake, akimwona Nyerere amelegea mno mbele ya wakoloni.

Soma tena hapo. Mwaka 1958 Nyerere alilaumiwa kwa kulegea. Miaka tisa baadaye, mwezi Februari 1967, ni mtu huyo huyo aliyetangaza Azimio la Arusha na kutaifisha benki. Dunia nzima ikasema huyu ni mtu wa kukaza.

Je, alibadilika moyo? Wengine husema hivyo. Mimi naona mambo yenyewe yalikuwa tofauti. Lile la 1958 lilikuwa jambo la kura. Hili la 1967 lilikuwa jambo la mali. Mtu aweza kulegeza kamba ya huku na kukaza ya huko.

Njia ya kulinganisha Marais ni hiyo. Usimchukue mtu mzima mzima ukampa jina moja. Chukua jambo moja. Lifuate kutoka Rais hata Rais. Kisha chukua jambo jingine.

Jambo la duka

Mwaka 1976 kulikuwa na Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa, yakafunguliwa maduka ya ushirika. Nia ilikuwa kuondoa unyonyaji. Mwenye duka alikuwa akipandisha bei apendavyo, na mkulima hakuwa na pa kwenda. Lakini maduka ya ushirika hayakujaa bidhaa. Operesheni yenyewe ilisimamishwa baada ya muda mfupi.

Kisha yakaja mapigo. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Idi Amin alivamia Kagera mwaka 1978, tukaingia vitani. Hazina ikakauka. Wazee wenu watawaeleza mambo ya foleni ya sabuni, foleni ya sukari, na unga wa njano wa msaada ulioitwa unga wa Yanga. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Watu wengine usiku ule walitupa mali mtoni na porini ili wasikutwe nayo.

Hapo watu wengi husimamisha hadithi na kusema, "Nyerere alikaza, kisha Mwinyi akaja akalegeza." Siyo sawasawa. Mwaka 1984, Nyerere akiwa bado Rais, serikali iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa kutoka nje. Sabuni na vitenge vikaanza kuonekana dukani. Mlango ulifunguka kidogo kabla Mwinyi hajaingia Ikulu.

Mwinyi aliingia Novemba 1985. Mwaka 1986 alifanya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, lile lile ambalo Nyerere aligombana nalo. Shirika lilitoa mikopo. Kwa upande wake lilitaka thamani ya shilingi ishushwe na serikali ipunguze matumizi. Mwinyi akaruhusu mengi, mpaka watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Mitumba ikajaa masokoni. Ndiyo maana mama wa genge alisema Mwinyi aliwavisha watu nguo. Kusema kweli ni haki yake kusema hivyo. Alikuwa mtoto, na gauni lake la kwanza la kununuliwa lilikuwa la mtumba.

Lakini mtu mwingine katika darasa lile lile alikuwa na kaka aliyefanya kazi kiwanda cha nguo. Mitumba ilipokuja, nguo za viwanda vyetu zilikosa wanunuzi. Kaka akarudi kijijini. Kwake yeye ruksa ile ina ladha nyingine.

Mkapa aliendelea na njia hiyo. Alifanya zaidi ya Mwinyi, ingawa watu hawakumwita Ruksa. Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997, na mwaka 2000 sehemu kubwa ya NBC ikauzwa kwa benki ya Afrika Kusini. Mkapa huyu alikuwa mhariri wa magazeti ya chama na serikali wakati wa Nyerere. Alilitetea Azimio la Arusha kwa kalamu yake. Sasa akauza.

Halafu tazama Magufuli. Mwaka 2018 bei ya korosho kule Mtwara na Lindi ilileta ugomvi kati ya wakulima na wanunuzi. Magufuli aliwaondoa wanunuzi binafsi, akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likabeba mizigo. Mkulima wa tumbaku wa Urambo mwenye umri mkubwa angesema, "Hii naijua." Maana zamani yeye hakuweza kuuza tumbaku yake kwa kampuni binafsi, mpaka sheria ya mwaka 1993 ilipoziruhusu kununua. Miaka 25 imepita, serikali inarudi kuwa mnunuzi. Tena Rais aliyefanya hivyo wa chama kile kile kilichoifungulia biashara.

Jambo la ada

Hapa nina habari yangu mwenyewe. Mwaka 1973 serikali ya Nyerere iliondoa ada ya shule ya msingi. Mwaka 1977 ukaanza mpango wa kila mtoto kusoma, ule wa UPE. Baadaye, fedha zilipokosekana, michango na ada vilirudi. Kufika miaka ya 1990, mzazi asiye na fedha alijua mtoto wake atarudishwa nyumbani.

Mimi nilirudishwa. Sitaitaja shule. Tulisimamishwa mstarini asubuhi, majina yakasomwa, wasiolipa tukapita mbele ya wenzetu mpaka langoni. Niliporudi nyumbani baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakusema kitu. Alichonga tu. Nilikaa nyumbani majuma matatu.

Mwaka 2001 serikali ya Mkapa iliondoa ada ya shule ya msingi. Januari 2002 mpango wa MMEM ukaanza. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 11. Darasa lilijaa mpaka watoto wakakaa madirishani. Mkapa ambaye aliuza benki, Mkapa ambaye wengine walimwita mtu wa mabepari, ndiye aliyenirudisha shuleni. Basi mimi nimwiteje?

Fuata jambo hili mbele. Wakati wa Kikwete zilijengwa shule nyingi za sekondari za kata. Nyingine zilifunguliwa hazina walimu wa kutosha, lakini zilifunguliwa. Wakati wa Magufuli, kuanzia Januari 2016, ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Wakati wa Samia, mwaka 2022, ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Katika jambo hili la ada, Marais hawa wa mwisho wanafanana kuliko wanavyotofautiana. Ukibishana nani mkali na nani mpole hutaliona hilo.

Lakini katika elimu hiyo hiyo kuna jambo walilotofautiana sana. Mwaka 2017 Magufuli alisema hadharani kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi shuleni wakati wake. Mwezi Novemba 2021 serikali ya Samia iliruhusu wasichana hao warudi. Kwa hiyo Magufuli alilegeza kamba ya ada na kukaza kamba ya msichana. Wanadarasa wangu wanawake walilizungumza jambo hili kwa muda mrefu kuliko yote. Wanaume waliangalia chini.

Kodi ya kichwa

Hili ni fupi. Kodi ya kichwa, iliyotoka kwa wakoloni, iliondolewa wakati wa Nyerere mwaka 1969. Wakati wa Nyerere huyo huyo, mwaka 1984, ikarudi kwa jina la Kodi ya Maendeleo. Wanaume wengi walilala porini kukwepa mgambo. Mkapa aliifuta mwaka 2003. Mwezi Julai 2021, wakati wa Samia, ikaja tozo ya kutuma fedha kwa simu. Watu walinung'unika, nayo ikapunguzwa mwaka ule ule. Mzee wa reli alipoyasikia haya alicheka, akasema amekimbia kodi moja mara mbili.

Mavazi na ndoa

Kuna watu hudhani kwamba Rais mwenye kuleta mageuzi ya uchumi huwa na mageuzi katika kila kitu. Angalia wakati wa Nyerere. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana. Sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vilipigwa marufuku. Wasichana walivamiwa barabarani Dar es Salaam kwa sababu ya nguo.

Miaka miwili baadaye, 1971, ikatungwa Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo ilimpa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Mume aliyefunga ndoa ya mke mmoja hawezi kuongeza mwingine bila mke wa kwanza kukubali. Kwa Afrika ya siku zile, hiyo ilikuwa sheria ya mbele sana. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Katika karatasi moja kamba imelegezwa huku na kuachwa imekaza kule.

Jambo la kusema

Mwaka 1965 nchi iliwekwa chini ya chama kimoja kwa sheria, na kule Zanzibar chama chao. Mwaka 1977 vyama hivyo viwili vikaungana kuwa CCM. Mwaka 1976 ilitungwa sheria ya magazeti iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Kwa hiyo hapa Nyerere alikaza.

Lakini mwaka 1990 ni Nyerere aliyeanza kusema hadharani kwamba kuzungumzia vyama vingi siyo dhambi. Rais wakati huo alikuwa Mwinyi. Mwinyi aliunda tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi. Kama watu 8 katika kila 10 waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilishauri vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mzee wa reli aliniuliza, "Sasa Mwalimu, hapo wananchi walisikilizwa au hawakusikilizwa?" Sikuwa na jibu la haraka. Wale wawili katika kila kumi nao ni wananchi, na bila kulegeza wasingepata pa kusemea.

Mkapa aliingia kwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Wakati wake redio na magazeti ya watu binafsi viliongezeka. Lakini Januari 2001, chama cha CUF kilipoandamana Zanzibar kudai uchaguzi urudiwe, polisi walipiga risasi na watu wakauawa, hasa Pemba. Uchumi huria haukuzuia risasi.

Kikwete aliachia watu waseme sana. Wengine walimkebehi na yeye akacheka. Mwaka 2012 aliunda tume ya Jaji Joseph Warioba kukusanya maoni ya Katiba mpya. Hata hivyo mwaka huo huo gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa, na mwaka 2015 ilipitishwa sheria kali ya makosa ya mtandao. Katiba ile haikupigiwa kura ya wananchi.

Magufuli alikaza zaidi. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na Bunge likaacha kuonyeshwa moja kwa moja katika televisheni. Mwaka 2017 magazeti manne yalifungiwa. Hapo kijana wa bodaboda alisema kweli.

Lakini yule mama wa genge alifungua mkoba wake akatoa kitambulisho. Desemba 2018 Magufuli alitoa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo, kila kimoja shilingi 20,000. Mwenye nacho aliuza barabarani, na mgambo hawakumgusa. Mama yule hakuwahi kwenda mkutano wa chama chochote. Mkutano ulipozuiwa hakujua. Mgambo walipoacha kumfukuza, alijua siku ile ile. Mwisho wa mwaka 2021, wakati wa Samia, wamachinga waliondolewa barabarani na kupelekwa maeneo maalumu. Mama akapoteza wateja wa njiani.

Kisha Januari 2023 Samia huyo huyo akaondoa zuio la mikutano ya hadhara. Magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa yalikuwa yamekwisha kurudishiwa leseni mwaka 2022. Alizungumzia maridhiano. Watu wengi walipumua. Halafu mwaka 2025 kiongozi wa CHADEMA, Tundu Lissu, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikazuiwa kushiriki uchaguzi. Siku ya kura, tarehe 29 Oktoba 2025, kulizuka maandamano katika miji kadhaa. Watu waliuawa, intaneti ikazimwa. Samia alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Baadaye aliunda tume ya kuchunguza yaliyotokea.

Basi Rais mmoja, katika jambo lile lile la kusema, alilegeza mwaka 2023 na kukaza mwaka 2025. Kwa hiyo kutaja jambo peke yake hakutoshi. Taja na mwaka.

Bibi wa nyuma

Nilisema nitarudi kwa bibi. Ubishi ulipopoa nilimgeukia. Nikamwambia, "Bibi, shikamoo tena. Wewe husemi?"

Akaitikia, akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba mwaka 1974 alikuwa na miaka minane. Walikuwa wanakaa mbali na barabara, baba, mama na watoto watano. Likaja lori la Operesheni Vijiji. Waliambiwa wapande. Mahindi yalikuwa bado shambani. Baba aliacha ghala, mizinga ya nyuki na miembe aliyoipanda mwenyewe. Paa la nyumba liliezuliwa ili wasirudi. Kijiji walichopelekwa hakikuwa na nyumba. Walilala chini ya mti, na mtoto mdogo akafa mvua zilipoanza.

Darasa lilikuwa kimya.

Akaendelea. Chini ya mti ule ule, mwaka uliofuata, palikuja mwalimu wa elimu ya watu wazima. Mama yake akaandikishwa. Alijifunza kwa kitabu cha kilimo, jioni, akiwa amebeba mtoto mwingine mgongoni. Mama alifaulu mtihani. Mpaka anakufa aliandika barua zake mwenyewe na kusoma mizani ya pamba, hakuibiwa tena. "Mimi niliozwa mapema," bibi alisema. "Ndiyo maana niko hapa leo na nywele nyeupe. Nafuata alikopita mama."

Kisha akaniuliza, "Aliyemtoa baba yangu kwenye miembe yake na aliyemfundisha mama yangu kusoma ni mtu mmoja. Mwalimu, huyo utamwandika upande gani wa ubao?"

Nieleze kidogo, maana msomaji kijana huenda hajui ukubwa wa kazi ile. Wakati wa Azimio la Arusha, watu wazima kama wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, waliobaki hawajui walikuwa kama mmoja katika kila kumi. Ni nchi chache duniani zilizofanya hivyo. Na katika miaka hiyo hiyo mamilioni ya watu walihamishwa vijijini, wengine kwa hiari, wengi kwa amri. Novemba 1973 Nyerere alikuwa ametamka kwamba kuishi vijijini sasa ni amri.

Nilichukua chaki. Nilichora mistari ubaoni, majina ya Marais juu, mambo pembeni: duka, ada, kodi, kusema, ardhi, kusoma. Katika kila kisanduku tukaandika mwaka. Kwa Nyerere tukaandika "alikaza" kwenye ardhi, 1973, na "alifungua" kwenye kusoma, 1970, mwaka uliotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima. Bibi aliinuka akaja kuviandika visanduku hivyo viwili yeye mwenyewe. Herufi zake zilipinda. Tuliziacha hivyo hivyo, nami kesho yake sikufuta ubao.

Maswali ya kuzungumza

1. Chora jedwali kama letu katika daftari lako. Chagua jambo moja tu ambalo limeigusa nyumba yako. Lifuate kutoka mwaka ulipozaliwa mpaka leo.

2. Muulize mzee mmoja jirani: mwaka 1984 ulipata wapi sabuni? Andika jibu lake kwa maneno yake.

3. Mama wa genge alinufaika mwaka 2018 na kupata hasara mwaka 2021. Mwenye duka la matofali mbele ya genge lake angesemaje juu ya miaka hiyo miwili?

4. Katika tume ya Nyalali, watu wawili katika kila kumi walitaka vyama vingi. Wewe ungekuwa mjumbe wa tume, ungeandika nini?

5. Bibi aliuliza swali. Mjibu kwa sentensi tatu.